Niite Nishuke

Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa tu. Nguzo tisa, kuanzia namba kumi na nne mpaka ishirini na mbili, huko nyuma ya Gongo la Mboto ambako lami inaishia na mchanga unaanza. Kurusha droni, kupiga picha, kuishusha, kwenda nyumbani. Yustina alishaifanya kazi ya namna hiyo Vingunguti, Mabibo na kwingine kwingi, na hajawahi hata kuikwaruza droni ya watu.

Lakini laini hii alikuwa akiikimbia mwaka mzima.

Kila ilipotokea kwenye ratiba, alikuwa na udhuru mfukoni. Mara mtoto ana homa. Mara betri hazijajaa. Mara abadilishane zamu na Revelian, mrushaji mwenzake, ambaye hakuwahi kuuliza sababu kwa kuwa aliijua. Ijumaa hiyo Revelian ndiye aliyelala na malaria. Bosi akamtumia Yustina orodha ya nguzo kwenye simu, na alipofika kwenye kumi na saba akaizima simu, akaiwasha, akasoma upya. Namba haikubadilika.

Kumi na saba ndiyo nguzo iliyomuua mumewe.

"Dada, mie naweza kusema gari imegoma," alisema dereva wake, Godlisten, mzee wa makamo kutoka Machame ambaye siku nyingine mdomo wake haupumziki. "Nafungua boneti hapa hapa, napiga picha, namtumia bosi. Nani atabisha?"

"Twende tu, kaka."

"Una uhakika?"

"Sina. Twende."

Wakaenda.

Kazi ya kamera ya joto haifanyiki mchana. Mchana jua linachemsha kila kitu, nguzo, mabati mpaka mbuzi wa watu, na kwenye kioo cha rimoti vyote vinaonekana vyeupe. Lazima jua lizame, vitu vipoe, na watu wawashe taa na pasi zao ili laini ibebe mzigo. Hapo ndipo kiungo kibovu kinapojitangaza chenyewe: chenye joto kinang'aa cheupe, kilichopoa kinabaki cheusi. Kwa hiyo walifika saa kumi na mbili na robo jioni, na kibali chao cha kurusha, kwa sababu uwanja wa ndege hauko mbali, kilikuwa kinaishia saa moja na robo.

Godlisten alichukua redio moja ya upepo akatembea mpaka mwisho wa laini, nguzo ya ishirini na mbili, kuangalia anga lisije likawa na tiara au ndege. Redio ya pili Yustina aliining'iniza kifuani. Akatandika turubai dogo kwenye mchanga, akaiweka droni katikati, akafunga betri.

Ng'ambo ya njia kulikuwa na bibi anakaanga mihogo. Yustina alimtambua kabla bibi hajainua uso. Ni Bi Mauwa. Mwaka jana meza yake ilikuwa chini kabisa ya nguzo ya kumi na saba, na mafundi walikuwa wakila mihogo yake kwa pilipili mpaka machozi yanawatoka. Sasa meza ilikuwa imehamia huku, hatua hamsini kutoka nguzo ile, mahali ambapo hakuna hata kivuli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Bibi akamtazama. Kijiko kikasimama juu ya karai. "Wewe si yule... mke wa yule fundi?"

"Ndiye mie."

"Jamani. Pole, mama. Pole sana." Akafuta mikono kwenye kanga. "Na mtoto?"

"Noela yupo. Ana miaka mitano sasa."

"Alhamdulillahi." Bibi akageuza mihogo. Akaangalia upande wa nguzo, halafu haraka akaangalia kwingine. "Na umekuja kufanya nini hapa saa hizi?"

"Kupiga picha tu, bibi. Siku hizi hatupandi. Tunarusha hiki."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo sababu Yustina aliiomba kazi hii wiki sita baada ya kumzika mumewe, Gaudens. Watu walisema ana moyo wa jiwe kurudi kwenye nyaya. Hawakujua. Alitaka kuona siku ambayo mtu hatapanda tena nguzo kwa ajili ya kutazama tu, akiwa na mke na mtoto nyumbani. Kila droni ilipopaa alikuwa akisema moyoni, huyu mmoja hakupanda leo.

Bi Mauwa alimsogelea. Alinukia mafuta ya kukaangia na karafuu.

"Sie hapa tumehama," alisema kwa sauti ya chini. "Ikiingia magharibi, pale chini panakuwa na harufu. Kama nywele zinaungua. Na watoto hatuwaiti majina. Unamfuata mtoto, unamshika mkono. Ukiita jina pale..." Akaonyesha kwa kidevu. "Kuna anayegeuka huko juu."

"Bibi, jamani."

"Sikutishi. Nakuuliza kitu kimoja." Macho yake yalikuwa yamejaa huruma, na hiyo ndiyo iliyomtisha Yustina. "Siku ile mlimwita?"

"Tulimwita," alisema Yustina.

"Ashuke?"

"Ndiyo. Tulimwita ashuke."

Bi Mauwa akatikisa kichwa polepole.

"Basi kama mlimwita, mbona hajashuka?"

Yustina akageuka. Alirudi kwenye turubai lake, akashika rimoti, na akarusha.

Sasa ni lazima lisemwe jambo ambalo Yustina hakuwahi kumwambia mtu yeyote, si kamati ya uchunguzi, si padri, si mama mkwe wake Kokushubila aliyemlilia usoni kule Bukoba siku ya mazishi kuwa yeye ndiye aliyemuua mwanawe.

Wale mafundi walikuwa na kanuni yao. Aliye juu ya nguzo hashuki mpaka aitwe na aliye chini, kwa jina lake, mara tatu. Na aliye chini hawashi umeme mpaka ameita mara tatu na ameitikiwa, na aliyeshuka amesema kwa mdomo wake mwenyewe kuwa ameshuka. Gaudens ndiye aliyeifundisha timu nzima. Ukimwita mara ya kwanza, yeye huwa anagonga kofia yake ngumu kwa vidole mara mbili, ko, ko, ndipo anaitikia. Hata nyumbani, Yustina akimwita kula, alikuwa anajigonga kichwani mara mbili, na Noela anacheka mpaka anaanguka.

Yustina naye alikuwa na kanuni yake, aliyoitoa Ndanda kwa bibi aliyemlea. Jina la mtu haliitwi kwa sauti wakati wa magharibi. Kuna vinavyopita saa hiyo, na vinasikia. Gaudens alikuwa akimtania kwa hilo. "Nyie watu wa kusini mnaogopa hata giza la kwenye sufuria," alikuwa akisema. Na Yustina alikuwa akicheka naye, lakini ikifika magharibi hamwiti mtu.

Siku ile kazi ilichelewa. Gaudens alikuwa juu ya kumi na saba. Yustina alikuwa kwenye swichi ya laini, mita mia tatu nyuma, na nyumba za kwenye kona zilimzuia kumwona. Mtaa ulikuwa bila umeme tangu asubuhi, watoto wamejipanga barabarani wanangoja. Adhana ikamalizika. Yustina akainua redio ili amwite mumewe, kisha akaishusha bila kuita. Ngoja dakika mbili, aliwaza. Ngoja giza lishike vizuri, magharibi ipite.

Ndipo redio ikasema yenyewe.

"Nimeshuka, mama Noela. Washa."

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti yake kabisa, na ule uchovu wake wa jioni. Nyuma ya sauti kulikuwa na mvumo, kama nyuki ndani ya mzinga. Na kabla haijakatika, mbali sana, kama mwanamke analia. Yustina alidhani ni redio za watu wengine zimeingiliana. Akawaza, mtu ameshasema ameshuka, namwitia nini tena? Akafurahi hata. Kanuni zote mbili zimeokoka.

"Nimekupata, baba Noela," alijibu. "Nawasha."

Akainua fimbo, akasukuma swichi. Taa zikawaka nyumba hadi nyumba, na watoto wa mtaa mzima wakaruka wakipiga kelele kwa furaha: "Umeruuudi!"

Gaudens alikuwa bado yuko juu. Alikuwa ameshatoa waya wa kupeleka umeme ardhini, amebakiza kukaza nati moja, na anangoja kuitwa.

Kamati ilipoikagua redio ya marehemu ilikuta betri imekufa saa nyingi kabla. Hakuweza kusema neno. Wakamuuliza Yustina kama ana hakika na alichosikia, akawaambia habari ya nyuki, wakatazamana. Wakamuuliza kama alimwita mara tatu, akasema ndiyo. Wakaandika kuwa mtumishi alikuwa amechoka. Kwa hiyo mwaka mzima alikuwa akilala na swali moja tu. Je, nilimsikia mume wangu, au nilimuua kwa sauti iliyotoka kichwani mwangu? Angekuwa tayari kutoa jicho moja ili ajue.

Droni ilimaliza kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Kwenye kioo nyaya zilionekana kama mistari ya kijivu, na viungo kama madoa meupe madogo. Kiungo kimoja cha kumi na sita kilikuwa cheupe kupita kiasi. Yustina akakipiga picha, akaandika. Kazi ilimtuliza kidogo.

Adhana ya magharibi ikaanza. Akaisogeza droni kumi na saba.

Umeme ukakatika.

Mtaa mzima ukazimika kwa mpigo, na yale manung'uniko ya kawaida yakapanda kutoka kila mlango. Redio ikakoroma kifuani.

"Dada, wamekata," alisema Godlisten. "Bila umeme hakuna joto, hakuna cha kupiga. Ishushe tu, tutarudi kesho."

"Dakika mbili, kaka."

"Betri?"

"Asilimia arobaini na moja. Dakika mbili tu."

Alikuwa anaangalia kioo. Nyaya zilikuwa zinapoa, zinafifia, moja baada ya nyingine zikawa nyeusi. Viungo vikawa vyeusi. Kila kitu angani kikawa cheusi.

Isipokuwa kimoja.

Juu ya nguzo, chini kidogo ya vikombe vinavyoshikilia nyaya, kulikuwa na kitu cheupe. Alidhani ni kunguru. Akasogeza droni karibu. Hakikuwa kunguru. Kilikuwa na mabega. Kilikuwa na miguu miwili iliyokumbatia nguzo, na mgongo ulioegemea nyuma kwenye mkanda, umelalia upande wa kulia kama mtu anayeumwa kiuno.

Gaudens alikuwa na kiuno kibovu.

Yustina alibadilisha kamera, akaweka ile ya kawaida. Nguzo tupu. Mbao, waya, anga la zambarau. Akarudisha ya joto.

Yupo.

Harufu ikamfikia. Nywele zinaungua.

Alitazama kwa macho yake, akanyoosha shingo kuelekea nguzo ile. Hakukuwa na mtu. Akatazama kioo. Kile cheupe kilikuwa kimegeuza kichwa. Kilikuwa kinaitazama kamera.

Redio ikakwaruza.

"Mama Noela..."

Aliishika redio pale kifuani. 

"Mama Noela. Ni wewe?"

Alibonyeza kitufe. Kidole kikateleza. Akabonyeza tena. "Ni mie," alinong'ona. "Baba Noela, ni mie."

"Mbona mmekawia hivyo?"

Hakuwa anafoka, na hilo ndilo lililomvunja Yustina. Alikuwa ni yule yule Gaudens wa kila siku, mtu wa kulalamika kidogo halafu ananyamaza. Machozi yakamshuka, yakadondokea kwenye kioo, akayafuta kwa mkono wa blauzi asije akampoteza.

"Nimechoka," ilisema sauti. "Kiuno kinaniuma. Giza limeingia muda mrefu, na hakuna anayeniita."

"Gau... baba Noela." Akajishika mdomo. "Nisamehe. Nisamehe, mume wangu."

"Noela amekula?"

"Amekula."

"Basi sawa."

Yustina alilia kwa sauti. Bi Mauwa alikuwa ameshavuka njia, amesimama nyuma yake, kanga ameivuta mpaka puani. Yeye hakuwa anasikia redio. Alikuwa anatazama kioo tu, na alichokiona kilimtosha.

Kulikuwa na swali. Mwaka mzima kulikuwa na swali moja. Yustina akavuta pumzi.

"Baba Noela, niambie ukweli. Siku ile uliniambia umeshuka. Ni wewe uliyesema?"

Kile cheupe kiliinamisha kichwa kama mtu anayefikiri.

"Sijasema kitu mie," ilijibu redio polepole. "Nitasemaje nimeshuka na sijaitwa? Nipo hapa hapa. Nangoja."

Hakusema. Kwa hiyo sauti ilikuwa ya kichwani mwake. Kwa hiyo kamati ilikuwa sahihi na mama mkwe alikuwa sahihi. Maumivu yalikuja, lakini chini ya maumivu kulikuwa na kitu alichokisubiri muda mrefu, nacho ni kazi ya kufanya. Mtu wake hakuitwa. Alikuwa amebaki juu mwaka mzima, kwenye mvua na jua, kwa sababu mkewe aliogopa magharibi. Hilo lingeweza kurekebishwa. Hilo halikuhitaji kamati.

"Niite, mama Noela," ilisema sauti. "Niite nishuke."

Bi Mauwa alipoona kidole kinarudi kwenye kitufe, alimshika bega. "Usiite," alinong'ona. "Mwanangu, saa hizi usiite. Mwache mpaka kesho jua likitoka, tulete watu wasome dua."

"Ameshangoja sana, bibi."

"Usiite!"

Yustina akabonyeza kitufe.

"Gaudens."

Kwenye kioo, mkono mweupe uliinuka. Ukagonga kichwa mara mbili.

Ko. Ko.

Alisikia. Haikuwa kwenye redio. Alisikia kutoka juu, hewani, sauti ya vidole kwenye kofia ngumu. Bi Mauwa naye alisikia, maana bega la Yustina liliachiwa ghafla.

"Gaudens."

Kile cheupe kikafungua mkanda. Kikakumbatia nguzo.

"Gaudens, shuka. Shuka, mume wangu. Twende nyumbani."

Na akashuka. Polepole, kwa tahadhari yake, mguu, mkono, mguu, mkono. Kila alipogusa nguzo palibaki alama nyeupe ya kiganja, ikafifia, na nyingine ikatokea chini yake. Yustina aliishusha droni pamoja naye, mita kwa mita, akiwa amebana pumzi, akimwongoza kama alivyokuwa akimshika Noela mkono kwenye ngazi. Mita nane. Mita tano. Mita mbili. Droni ilikuwa imekaribia nguzo mno, inavuma na kutetemesha hewa, naye hakujali. Alikuwa na furaha. Ni vizuri lijulikane hilo. Kwa muda wa pumzi kama kumi hivi Yustina alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu siku ya harusi yake.

Nyayo mbili nyeupe zikatokea kwenye mchanga, chini ya nguzo.

Redio ikafunguka.

"Nimeshuka, mama Noela. Washa."

Yustina aliisogeza redio sikioni.

Maneno yale yale. Uchovu ule ule. Na nyuma ya sauti, wazi kabisa, mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga.

Yustina aliinua macho akaitazama droni yake, panga zake nne zikizunguka karibu na nguzo, zikivuma. Ni mvumo ule. Ndio aliowaelezea kamati wakatazamana. Siku ile hapakuwa na nyuki, na hapakuwa na wazimu kichwani mwake. Alimsikia mumewe kweli. Alimsikia akisema maneno haya, ya leo, ya sasa hivi, baada ya kuitwa na yeye mwenyewe. Sauti ilikuwa imepotea njia, imekwenda kwa Yustina asiyepaswa kuisikia, yule aliyesimama kwenye swichi mwaka mmoja nyuma, fimbo mkononi, anangoja magharibi ipite.

Alikuwa anaisikia sasa hivi.

Na hajaijibu bado.

"Hapana," alisema Yustina. Akabonyeza kitufe kwa nguvu zote mpaka ukucha ukakatika. "Hapana! Usiwashe! Yustina, usiwashe! Bado yuko juu! Mwite kwanza, mwite, Yustina, nakuomba, mwite..."

Alikuwa analia huku anapiga kelele. Na katikati ya kelele zake mwenyewe akakumbuka.

Mbali sana, kama mwanamke analia.

Aliacha kupiga kelele. Kitufe kikamponyoka. Kwenye kioo, zile nyayo mbili mchangani zilikuwa zimefifia zikaisha. Akaipandisha droni harakaharaka, vidole vikiteleza kwenye rimoti, mita tano, mita nane, mpaka juu. Kile cheupe kilikuwa pale pale. Kimekaa kwenye mkanda, kimelalia upande wa kulia, mkono mmoja kwenye nati. Hakijawahi kushuka. Kiligeuza kichwa kikaitazama kamera, na Yustina, aliyemfahamu mtu yule kwa kila namna ambayo mke anaweza kumfahamu mume, aliona kuwa alikuwa anangoja tu.

"Dada?" Godlisten aliita kwenye redio, mbali, sauti yake imejaa hofu. "Dada, nani unamwita? Nakusikia wewe tu. Kuna nani hapo?"

Halafu sauti ya Godlisten ikafunikwa na nyingine.

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Changamfu. Imechoka kidogo kwa kazi ya siku nzima, lakini imefurahi, kama mtu ambaye mzigo umemtoka na sasa anawaza nyumbani atapika nini. Ilimchukua Yustina muda kuitambua, kwa sababu mwaka mzima hakuwa amejisikia akiongea hivyo.

"Nimekupata, baba Noela," ilisema. "Nawasha."

Bi Mauwa alimfunika macho kwa kanga.

Taa zikawaka, nyumba hadi nyumba, kutoka kwenye kona mpaka mwisho wa laini. Na watoto wa mtaa mzima wakatoka mbio barabarani, wakaruka juu, wakapiga kelele kwa furaha.

"Umeruuudi!"